Uchanganuzi wa Data za Sampuli Changamani za Kitabaka: Kutoka Mkoa wa Shinyanga wa Mwaka 2010 hadi Kata ya Ipililo, Simiyu

1.0 Utangulizi

Kata ya Ipililo imo katika Wilaya ya Maswa, mkoani Simiyu, mkoa ambao makao yake makuu yako Bariadi. Mtafiti anayetaka kujua ni sehemu gani ya wanawake wa kata hiyo hujifungulia katika kituo cha afya, au ni watoto wangapi hulala ndani ya chandarua, hukuta data za Utafiti wa Demografia na Afya Tanzania zikitolewa bila malipo kwa yeyote anayeziomba kwa madhumuni ya kitaaluma. Faili likishafunguliwa katika Stata, SPSS au R, asilimia hupatikana kwa sekunde chache. Hakuna onyo lolote linalotokea katika kioo cha kompyuta, na asilimia hiyo huingia katika Sura ya Nne ya tasnifu ikiwa na nyota zake za umuhimu wa kitakwimu.

Ugumu ni kwamba programu hizo, zisipoelekezwa vinginevyo, huzichukua safu zote za faili kana kwamba kila mtafitiwa aliteuliwa peke yake, kwa bahati nasibu, na kwa uwezekano uleule aliokuwa nao mwingine yeyote nchini. Hakuna utafiti mkubwa wa kaya Afrika Mashariki uliofanywa hivyo. Makala hii inafafanua namna muundo halisi wa sampuli unavyopaswa kuingia katika uchanganuzi, na kinachoharibika usipoingizwa. Mfano mkuu ni utafiti wa mwaka 2010, wakati ambapo Maswa ilikuwa bado Shinyanga. Kisha mjadala unashuka hadi ngazi ya kata, ambako wanafunzi wengi hubuni sampuli zao wenyewe.

2.0 Muundo wa sampuli ya mwaka 2010

Utafiti wa mwaka 2010 ulitumia orodha ya maeneo ya kuhesabia watu iliyotokana na Sensa ya mwaka 2002. Uteuzi ulifanyika kwa hatua mbili. Katika hatua ya kwanza yaliteuliwa maeneo 475, ambayo katika makala hii yanaitwa vishada. Kila mkoa kati ya mikoa 26 ya wakati huo, Bara na Zanzibar, ulipewa vishada 18, isipokuwa Dar es Salaam iliyopewa 25. Katika hatua ya pili ziliteuliwa kaya 22 katika kila kishada, na 16 katika vishada vya Dar es Salaam. Jumla ni kaya 10,300.

Mgawanyo huu una maana kubwa kuliko unavyoonekana. Mkoa wa Shinyanga wa wakati huo, ulioijumuisha Maswa, ulikuwa na watu takriban milioni 2.8 kwa mujibu wa Sensa ya 2002. Kusini Unguja ilikuwa na watu chini ya laki moja. Mikoa yote miwili ilipewa vishada 18. Kaya moja ya Kusini Unguja, kwa hiyo, ilikuwa na nafasi ya kuteuliwa kubwa mara nyingi kuliko kaya moja ya Ipililo.

Haifai kudhani kuwa huo ulikuwa upungufu. Lau vishada 475 vingegawanywa kwa uwiano wa watu, Kusini Unguja ingepata kishada kimoja hivi, na hakuna mchanganuzi mwenye busara angethubutu kuuelezea mkoa mzima kwa kishada kimoja. Wabunifu waliamua kwa makusudi kwamba kila mkoa uwe na makadirio yake, na gharama ya uamuzi huo ni kwamba faili la data halifanani tena na taifa. Jerzy Neyman, katika makala yake ya mwaka 1934 iliyoweka msingi wa nadharia hii, alikwishaonesha kuwa matabaka hayalazimiki kugawiwa sampuli kwa uwiano wa ukubwa wao. Sharti ni kwamba uwezekano wa kuteuliwa ujulikane na urejeshwe katika hesabu.

Kurejesha huko ndiko kuweka uzito. Zanzibar, yenye mikoa mitano, ilipata vishada 90 na hivyo kaya 1,980, yaani asilimia 19 ya kaya zote zilizoteuliwa, ilhali watu wake hawakufika asilimia 3 ya Watanzania. Ichukuliwe, kwa ajili ya hesabu tu, kwamba jambo fulani linapatikana kwa asilimia 28 Bara na asilimia 8 Zanzibar. Asiyeweka uzito atapata wastani wa taifa wa asilimia 24.2 hivi. Anayeweka uzito atapata asilimia 27.4. Tofauti ya pointi tatu imezalishwa na mgawanyo wa vishada peke yake. Hakuna mtu hata mmoja aliyebadilika.

3.0 Uzito unavyopatikana

Uzito wa kaya ni kinyume cha uwezekano wa kaya hiyo kuteuliwa. Kwa kuwa uteuzi ni wa hatua mbili, uwezekano ni zao la namba mbili. Ya kwanza ni uwezekano wa kishada: idadi ya vishada vilivyoteuliwa katika tabaka, mara kaya za kishada kwa mujibu wa sensa, gawanya kwa kaya zote za tabaka. Ya pili ni uwezekano wa kaya ndani ya kishada: kaya 22 gawanya kwa kaya zilizokutwa wakati wa kuorodhesha upya.

Mfano wa kubuni unasaidia. Tabaka la vijijini lina kaya 400,000 na limepewa vishada 14. Kishada kimojawapo kilikuwa na kaya 100 wakati wa sensa. Uwezekano wake ni 0.0035. Waorodheshaji wakifika na kukuta bado ni kaya 100, uwezekano wa kaya ni 0.22, na uzito wa kila kaya ni takriban 1,299. Wakikuta kaya zimekuwa 160, uwezekano wa kaya unashuka hadi 0.1375 na uzito unapanda hadi 2,078. Kwa hiyo hata ndani ya tabaka moja uzito hutofautiana, hasa sensa inapokuwa imezeeka. Utafiti wa mwaka 2022, kwa mfano, ulitumia orodha ya Sensa ya 2012, na katika kipindi hicho watu wa Simiyu waliongezeka kutoka 1,584,157 hadi 2,140,497.

Katika mafaili yenyewe uzito wa mwanamke huhifadhiwa katika kigeu V005 bila nukta ya desimali, na hugawanywa kwa 1,000,000 kabla ya kutumiwa. Uzito huo umesawazishwa ili jumla yake ilingane na idadi ya waliohojiwa. Unafaa kwa asilimia, wastani na uwiano. Haufai kukadiria jumla, kama vile idadi ya wanawake wote wa Maswa wenye sifa fulani, na tafiti mbili zinapounganishwa katika faili moja lazima uzito wa kila utafiti urekebishwe kwanza kwa ukubwa wa idadi lengwa ya mwaka wake. Tasnifu zinazounganisha mafaili ya miaka miwili bila hatua hiyo si chache.

4.0 Kosa sanifu: mahali ambapo tasnifu nyingi hukwama

Watafiti wengi siku hizi huweka uzito. Wachache huendelea hadi kueleza matabaka na vishada, kwa imani kwamba uzito umemaliza kazi. Uzito hurekebisha kadirio; hausemi lolote la kuaminika kuhusu uhakika wa kadirio hilo.

Kaya 22 za kishada kimoja hutumia kisima kimoja, hulima udongo mmoja, hutibiwa katika zahanati moja na mara nyingi huwa na nasaba zinazokutana. Ukishazihoji kaya kumi, ya kumi na moja hukupa taarifa mpya kidogo. Leslie Kish, katika kitabu chake cha mwaka 1965, aliupima upotevu huo kwa kile kinachoitwa hapa athari ya muundo: moja, jumlisha zao la mfanano wa ndani ya kishada na idadi ya waliohojiwa katika kishada ukiondoa mmoja. Mfanano ukiwa 0.05 tu, namba ambayo haishtui mtu, athari ya muundo kwa kaya 22 ni 1 + 21 × 0.05, yaani 2.05. Maana yake ni kwamba kaya 396 za mkoa wenye vishada 18 zinabeba taarifa sawa na kaya 193 zilizoteuliwa mojamoja.

Tuseme kadirio la mkoa huo ni asilimia 40. Fomula ya sampuli nasibu sahili inatoa kosa sanifu la pointi 2.46 na mpaka wa imani wa pointi 4.8 kila upande. Muundo ukizingatiwa, kosa sanifu ni pointi 3.52. Tena kigawe cha 1.96 hakifai, kwa sababu digrii za uhuru hazihesabiwi kwa watu. Zinahesabiwa kwa vishada, ukitoa matabaka: 18 kutoa matabaka mawili ya mjini na vijijini hubaki 16, na kigawe chake ni 2.12. Mpaka wa imani sasa ni pointi 7.5 kila upande. Mkoa ambao mtafiti alisema uko kati ya asilimia 35 na 45 uko kati ya 32 na 48 hivi.

Linganisha sasa mkoa huo na jirani yake wenye vishada 18 na kadirio la asilimia 49. Kwa fomula sahili, tofauti ya pointi 9 ni mara 2.56 ya kosa sanifu lake. Mtafiti ataandika kuwa tofauti ni ya maana kitakwimu na pengine atapendekeza watumishi wahamishwe kutoka mkoa mmoja kwenda mwingine. Muundo ukiingizwa, uwiano huo unashuka hadi 1.79, ambao haufiki hata 1.96. Data ni zilezile, asilimia ni zilezile, na pendekezo halina tena msingi. Mtahini anayetaka kujua kama hesabu ilifanywa sawasawa hana haja ya kuomba faili. Atazame digrii za uhuru katika jedwali: zikikaribia idadi ya watafitiwa badala ya idadi ya vishada, jibu limepatikana.

Utabakishaji, kwa upande wake, huvuta kuelekea upande mwingine. Matabaka yakitofautiana sana baina yao, kosa sanifu hupungua, kwa kuwa tofauti baina ya tabaka na tabaka haihesabiwi tena kuwa kosa la sampuli. Asiyetaja matabaka huipoteza faida hiyo aliyoilipia. Katika mafaili haya V021 ndicho kigeu cha kishada, na matabaka huwa katika V022 au V023. Hata hivyo ni lazima kusoma kiambatisho cha sampuli cha kila mwaka, kwani matumizi ya vigeu hivyo viwili hayakuwa sawa miaka yote.

5.0 Kikundi kidogo na tabaka lenye kishada kimoja

Mtafiti wa Simiyu ana shauku ya kufuta safu za mikoa mingine kabla ya kuanza. Kufuta kwa mkoa hakuleti madhara makubwa, kwa sababu mkoa ni muungano wa matabaka kamili. Madhara huja anapofuta kwa sifa isiyokuwa tabaka: kubakiza wajane tu, au wakulima wa pamba tu, au watoto waliougua homa katika wiki mbili zilizopita. Baadhi ya vishada hutoweka kabisa katika faili, na programu haina njia ya kujua kwamba viliteuliwa vikakutwa havina mtu wa aina hiyo. Sifuri ya kishada ni taarifa. Njia sahihi ni kulitunza faili zima na kukiagiza programu kikundi kinachochunguzwa.

Kufuta huko mara nyingi ndiko huzaa pia tabaka lenye kishada kimoja. Tabaka la mjini la mkoa kama Simiyu, ambao wakazi wake wengi ni wa vijijini, huwa na vishada vichache tangu mwanzo. Kikibaki kimoja, hakuna cha kukilinganisha nacho, na kosa sanifu haliwezi kukokotolewa. Programu nyingine hukataa kutoa jibu. Nyingine huchukulia kuwa tabaka hilo halina tofauti yoyote, jambo ambalo ni baya zaidi kwa sababu halionekani. Kuliunganisha tabaka hilo na lingine linalofanana nalo kunakubalika, mradi uamuzi utolewe kwa hoja na kabla ya kuyaona matokeo.

6.0 Shinyanga ipi?

Hoja hii ni mahususi kwa Simiyu na hupuuzwa mno. Mkoa wa Simiyu ulianzishwa mwaka 2012. Maswa, Bariadi na Meatu zilitoka Shinyanga, na Itilima ikamegwa kutoka Bariadi. Busega ilitoka Magu, mkoani Mwanza. Wakati huohuo Bukombe iliondoka Shinyanga ikaenda Geita. Kwa hiyo tabaka lililoitwa Shinyanga mwaka 2010 si Shinyanga ya utafiti wa mwaka 2015/16, na wala si Shinyanga na Simiyu zikijumlishwa, kwa kuwa jumla hiyo inaiingiza Busega na kuiacha Bukombe.

Tasnifu inayochora mstari kutoka Shinyanga ya 2010 hadi Shinyanga ya 2015/16 na kuuita mwelekeo inalinganisha idadi lengwa mbili tofauti. Njia iliyo salama zaidi ni kupanda hadi ngazi ya kanda, ambako Kagera, Mwanza, Geita, Mara, Simiyu na Shinyanga zimo pamoja katika Kanda ya Ziwa, na kuhakikisha kwamba mikoa iliyounda kanda ni ileile kwa miaka yote inayolinganishwa. Anayetaka Simiyu yenyewe aanze na utafiti wa 2015/16, ambao ulikuwa na vishada 608, kisha aende kwenye ule wa 2022 wenye vishada 629.

7.0 Sampuli inayobuniwa ndani ya kata

Mwanafunzi anayekwenda Ipililo kukusanya data zake mwenyewe hukabiliwa na mambo yaleyale kwa udogo wake. Kwanza, ukubwa wa sampuli. Fomula ya Yamane (1967) imetawala tasnifu za Tanzania kiasi kwamba hunukuliwa bila kuulizwa. Kwa kaya 1,800 na kosa la asilimia 5, fomula hutoa kaya 327. Hiyo ni namba ya sampuli nasibu sahili. Mwanafunzi anayeitumia, kisha akateua vitongoji vichache na kuhoji kaya nyingi katika kila kimoja, ameahidi usahihi ambao muundo wake hauwezi kuutoa. Athari ya muundo ikiwa 2, alihitaji takriban kaya mara mbili ya hizo, au vitongoji vingi zaidi vyenye kaya chache kila kimoja. La pili ni bora, ingawa hugharimu mafuta ya pikipiki.

Pili, uzito. Tuseme kata ya kubuni ina kaya 300 karibu na kitovu chake na kaya 1,500 katika vitongoji vya mbali, na mtafiti akahoji kaya 100 kila upande. Asilimia 80 ya kaya za karibu hufika zahanati kwa mguu ndani ya saa moja. Za mbali ni asilimia 30. Wastani wa kaya 200 zilizohojiwa ni asilimia 55. Wastani wa kata, kwa uzito wa 3 na 15, ni asilimia 38.3. Ripoti ya kwanza inamwambia diwani kuwa zaidi ya nusu ya wananchi wamefikiwa. Ya pili inamwambia kuwa zaidi ya sita kati ya kumi bado. Hata hivyo kaya 100 kati ya 300 ni theluthi ya tabaka zima, na kwa tabaka hilo kosa sanifu huzidishwa kwa 0.82 kwa sababu ya udogo wa idadi lengwa. Marekebisho hayo hayana maana kitaifa, lakini katika kata yana maana, na ni nadra kuyaona yakitumika.

Tatu, kaya yenyewe. Katika utaratibu wa takwimu kaya ni watu wanaoishi pamoja na kula chungu kimoja. Katika Kisukuma neno hilohilo hutaja mji, nyumbani pa mtu, pamoja na nyumba za wake zake na za wana waliooa wakiwa hapohapo. Mhoji anayemwomba mwenyekiti wa kitongoji orodha ya kaya anaweza kupewa orodha ya miji, na uwezekano wa kuteuliwa ukakosewa kabla ya hojaji ya kwanza kufunguliwa. Pia, kila mji au kaya ikitoa mwanamke mmoja tu wa kuhojiwa, mwanamke anayeishi na wenzake wanne ana nafasi ya moja ya tano ya yule aliye peke yake. Idadi ya wanawake wanaostahili lazima iandikwe katika hojaji, la sivyo uzito hautapatikana tena, na wanawake wa familia kubwa, ambazo ndizo nyingi Simiyu, watawakilishwa pungufu.

Sampuli ya watu waliokutwa mnadani haina uwezekano unaojulikana, na hakuna hesabu kati ya hizi inayoihusu.

8.0 Je, data za kitaifa zinaweza kusema lolote kuhusu Ipililo?

Kwa ukadiriaji wa moja kwa moja, hapana. Sampuli ilibuniwa kujibu kwa taifa, kanda na mkoa. Wilaya ya Maswa inaweza kuwa na vishada vichache, na kata inaweza kutokuwa na hata kimoja. Zipo mbinu za ukadiriaji wa maeneo madogo, zilizotokana kwa sehemu kubwa na kazi ya Fay na Herriot ya mwaka 1979, ambazo huunganisha makadirio ya utafiti na taarifa saidizi kama za sensa. Mbinu hizo huhitaji kosa sanifu sahihi la kila eneo kama malighafi, kwa hiyo aliyeruka Sehemu ya 4.0 hawezi kuzikimbilia hapa.

Wapo wanaojaribu njia ya ramani: kuchukua majira ya nukta ya vishada, kuyaweka juu ya mipaka ya kata na kuitafuta Ipililo. Nukta hizo zimesogezwa kwa makusudi ili kulinda siri za waliohojiwa: hadi kilomita 2 kwa vishada vya mjini, hadi kilomita 5 kwa vya vijijini, na asilimia 1 ya vya vijijini hadi kilomita 10. Kilomita 5 zinatosha kukitoa kishada katika kata yake na kukitua katika kata ya jirani. Mtafiti anayekuta nukta ndani ya Ipililo na kuandika matokeo ya kata kwa kaya zake 22 hajui kama hata moja kati ya kaya hizo iko Ipililo.